Itazame “a” Kwanza: Mwongozo wa Kuchagua na Kutumia Fonti ya Mwandiko

Asubuhi, mitumbwi inapokuwa imevutwa ufukweni karibu na mwalo wa Kirumba, utaona majina yaliyochorwa ubavuni mwake kwa brashi na rangi ya mafuta. Mengi yameandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama wima, lakini hapa na pale utakuta jina moja, tuseme “Subira”, limeandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha: S imepinda kama shingo ya yangeyange, b imepanda kwa kitanzi chembamba, na a ya mwisho imeachiwa mkia mrefu unaorudi nyuma chini ya jina zima kama wimbi dogo. Ukisogea karibu unaweza kuufuata mkono wa fundi jinsi ulivyotembea. Brashi iliposhuka aliikandamiza, mstari ukanenepa. Ilipopanda aliilegeza, mstari ukakonda. Na pale alipogeuza mkono, rangi ilizidi kidogo ikaacha uvimbe.

Fonti za mwandiko changamfu, ambazo wateja wangu huziita herufi za madaha, zinajaribu kuutia mwendo huo wa mkono ndani ya kompyuta. Nimezitumia kwa kadi za harusi, lebo za bidhaa, stika na fulana hapa Mwanza kwa muda wa kutosha kuona kwamba kazi nyingi huharibika kwa sababu moja. Mtu huchagua fonti kwa kutazama sampuli iliyoandikwa Kiingereza, akaipenda, kisha akaitumia kuandika Kiswahili. Herufi ni zilezile, lakini Kiswahili hakizipangi kama Kiingereza kinavyozipanga, na uzuri wa fonti ya mwandiko unategemea mpangilio huo kuliko unavyotegemea umbo la herufi moja moja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuijaribu fonti kwa maneno yetu kabla hujaikabidhi kazi ya mteja.

Mfano nitakaoufuata ni lebo niliyomtengenezea mama mmoja wa Igogo anayekaanga dagaa na kuwafungasha kwenye makopo ya plastiki. Aliniletea kopo tupu, akaliweka mezani na kusema, “Mwanangu, nataka maandishi yenye raha, yasikae kama ya dawa.” Maneno aliyotaka yalikuwa “Dagaa wa Mwanza”.

Uzijue sura zake

Si kila fonti inayofanana na maandishi ya mkono ni ya aina moja. Mwaka 1942 Robert E. Smith alichora Brush Script kwa ajili ya kampuni ya American Type Founders ya Marekani, na mwaka 1953 Mfaransa Roger Excoffon akatoa Mistral, aliyoitengeneza kwa kufuata mwandiko wake mwenyewe. Enzi hizo herufi zilikuwa vipande vya madini vinavyopangwa kimoja kimoja, na kazi ngumu ilikuwa kuhakikisha kwamba mkia wa herufi moja unagusa mwanzo wa herufi inayofuata bila kuacha mwanya. Comic Sans, ambayo Vincent Connare aliichora akiwa Microsoft mwaka 1994, ina uchangamfu wa mkono pia, lakini herufi zake haziungani, kila moja imesimama peke yake, kwa hiyo matatizo mengi nitakayoyaeleza hapa haina.

Kwa anayeanza, fonti nne za bure zinatosha kumfunza tofauti. Pacifico ya Vernon Adams ni nene na ya mviringo, na ilitokana na maandishi ya utamaduni wa wacheza mawimbi wa Marekani wa miaka ya 1950. Lobster ya Pablo Impallari wa Argentina, iliyotoka mwaka 2010, imebanana na imeinama, nayo inavumilia kuandikwa kubwa kwenye bango. Dancing Script, iliyotoka kwa mchoraji huyohuyo, ina herufi zinazorukaruka na kubadilika ukubwa kidogo, huku herufi kubwa zikishuka chini ya mstari. Caveat, nayo ya Impallari, ni kama ujumbe ulioandikwa harakaharaka kwa kalamu. Ukiziandika zote nne kwa neno moja na kuzipanga juu na chini, utaona kwamba uchangamfu hauna chanzo kimoja. Kwenye Pacifico unatoka kwenye unene na ncha za mviringo, kwenye Dancing Script unatoka kwenye kucheza juu ya mstari, na kwenye Caveat unatoka kwenye haraka ya mkono.

Hatua ya kwanza: teua maneno machache

Fonti ya mwandiko hubeba maneno mawili, matatu, pengine matano. Aya nzima ikiandikwa kwa fonti hiyo humchosha msomaji kabla hajafika katikati. Kwenye kadi ya mwaliko, yape mwandiko majina ya maharusi peke yake. Kwenye kibao cha saluni, jina la saluni. Kwenye orodha ya vyakula ya mgahawa, vichwa vya sehemu tu.

Tarehe, saa, bei, namba ya simu na lipa namba viandikwe kwa fonti ya kawaida isiyo na mapambo. Tarakimu za fonti nyingi za mwandiko zinafanana mno, 1 ikikaribia 7 na 0 ikikaribia 6, na mtu akikosea tarakimu moja ya lipa namba, pesa zimekwenda kwa mwingine. Vivyo hivyo maelekezo ya dawa, tahadhari za umeme au maji, na matangazo ya misiba. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu nimeombwa mara kadhaa kuandika jina la marehemu kwa herufi zinazocheza, na kila mara nimemwonyesha mteja sampuli mbili bega kwa bega, naye mwenyewe amechagua iliyotulia.

Kwa lebo ya mama wa Igogo, mwandiko ulipewa “Dagaa wa Mwanza” tu. Uzito, viungo, tarehe ya mwisho wa kutumia na namba ya simu vilihamia kwenye lebo ya pili, upande wa nyuma wa kopo.

Hatua ya pili: ijaribu kwa Kiswahili

Hesabu herufi za “Dagaa wa Mwanza”. Ziko 13, na 6 kati yake ni a. Karibu nusu ya lebo nzima ni herufi moja, na hali hii haiko mbali na Kiswahili kwa jumla, maana a ndiyo herufi tunayoiandika kuliko zote. Ndiyo sababu mimi huanza kwa kuitazama a kabla ya kuitazama herufi kubwa yenye mikogo ambayo muuza fonti ameiweka mbele ili inivutie.

Katika mwandiko wa kuunganisha, a ni kiduara chenye kijiti upande wa kulia. Kijiti kikiwa kifupi, au kikiungana na kiduara juu kabisa bila kushuka hadi mstarini, a inageuka kuwa o yenye mkia. Hapo “dada” inasomeka “dodo”, na mtu anadhani unauza maembe. Baya zaidi kwa watu wa ziwani, “mboga za shamba” zinasomeka “mboga za shombo”, na hakuna mnunuzi wa mchicha anayetaka kusikia habari za shombo. Andika “dada” na “dodo”, kisha “shamba” na “shombo”, uziweke sambamba kwa ukubwa utakaotumia. Ukilazimika kukodoa macho ili kuzitofautisha, iache fonti hiyo.

Kisha jaribu maneno ya vijiti. Herufi u, n, m, w na i, zikiunganishwa, zote hujengwa kwa vijiti vifupi vinavyofuatana, nasi tunazipanga pamoja bila huruma: nunua, umuhimu, mwanamume, muumini. Fonti nzuri hutofautisha upinde wa n unaopita juu na upinde wa u unaopita chini. Fonti dhaifu huzichora zote kama meno ya msumeno. “Nunua” ndilo jaribio langu kuu hapa, kwa kuwa ni neno ambalo mfanyabiashara atalitaka siku moja.

Neno la tatu ni “kelele”. Katika mwandiko, e ni kitanzi kifupi na l ni kitanzi kirefu, na hakuna kingine kinachozitenganisha. Fonti inayorukaruka sana juu ya mstari huweza kuipandisha e na kuishusha l mpaka vitanzi vyote vitano vinakaribia kulingana, na neno likawa kamba iliyosokotwa.

Sasa tazama miisho. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, isipokuwa machache ya kukopa, ilhali Kiingereza hufunga maneno mengi kwa konsonanti. Mchoraji aliyeifikiria lugha yake huweka mikia ya mapambo kwenye d, s, t na y za mwisho, na hizo kwetu hazifungi neno karibu kamwe. Fungua jedwali la herufi zote za fonti na utafute kama a, e, i, o na u zina umbo la pili lenye mkia. Fonti yenye a ya mwisho iliyochorwa vizuri ina thamani kwetu kuliko yenye aina tano za y.

Mwanzo wa neno nao una mambo yake. M yetu kubwa mara nyingi hufuatwa na konsonanti nyingine, kama katika Mwaliko, Mchele, Mkate na Mpishi. Kwenye baadhi ya fonti M kubwa huisha kwa mkia unaojikunja kuelekea juu, hauigusi herufi inayofuata, na “Mwaliko” hujigawa kuwa “M” na “waliko”. Hilo hutengenezeka kwa kuisogeza w kwa mkono, lakini ni heri kulijua mapema.

Lipo pia suala la kurudiarudia. Mtu akiandika “maandazi” kwa mkono, a zake tatu hazitafanana kabisa, ila kompyuta hurudia ileile, na jicho hung’amua bila kuambiwa kwamba hapa hapana mkono. Fonti zilizotengenezwa kwa uangalifu huwa na maumbo kadhaa ya herufi moja yanayobadilishana kulingana na mahali herufi ilipo ndani ya neno, na Caveat ni mojawapo. Programu nyingine huficha uwezo huo mpaka uuwashe, kwa hiyo tafuta kwenye mipangilio ya maandishi sehemu ya herufi mbadala. Kwenye “Dagaa” nilizibadilisha a mbili za mwisho kwa mkono: ya kwanza nikaiacha fupi, ya pili nikaipa mkia.

Ritifaa ya ng’

Jambo hili nalitenga kwa sababu liligharimu kadi 150. Familia moja, ambayo jina lao la ukoo la Kisukuma linaanza na Ng’w, iliniletea kazi ya harusi, nami nikachagua fonti nyembamba ya kupendeza bila kuijaribu ritifaa yake. Fonti hiyo ilikuwa na ritifaa ndefu iliyoinama, na mbele ya w ikashuka ikagusana na mkia wa g. Kwenye skrini niliona pambo. Kadi zilipofika nyumbani, shangazi wa bwana harusi alivaa miwani, akasoma polepole, kisha akaniita. “Mwanangu, hili si jina letu,” alisema, akiwa ameweka kidole juu ya kile alichokiona kuwa herufi l. Alikuwa sahihi. Nilizichapa upya kwa gharama yangu.

Tangu hapo huandika kila mara “ng’ombe”, “Nyang’hwale” na “ng’oa” kabla ya kukubali fonti. Ritifaa hubadilisha neno: “ng’oa” ni kutoa kitu mizizi na yote, “ngoa” ni tamaa au wivu. Hakikisha pia kwamba fonti inayo alama yenyewe, kwa kuwa baadhi ya fonti za bure zina herufi za alfabeti peke yake, na mahali pa ritifaa hutokea kisanduku kitupu au alama ya fonti nyingine iliyonyooka kama msumari. Ikiwa ritifaa ya fonti haifai lakini herufi zinakupendeza, ichore mwenyewe: nukta ndogo yenye mkia mfupi, iliyokaa juu kati ya g na irabu au w, bila kugusa kitu chochote.

Hatua ya tatu: soma leseni

Fonti ya kupakuliwa bure si lazima iwe ya kufanyia biashara. Nyingi huambatana na maneno yanayosema ni kwa matumizi binafsi, na lebo ya dagaa wanaouzwa ni biashara. Njia salama ni kutafuta fonti zenye leseni ya wazi ya SIL (kwa Kiingereza SIL Open Font License), ambayo inaruhusu kuitumia fonti, kuibadilisha na kuitumia hata kwa kazi za kulipwa, mradi usiiuze fonti yenyewe peke yake. Zile nne nilizozitaja juu zinapatikana Google Fonts kwa leseni hiyo.

Hatua ya nne: zipange

Usiandike neno zima kwa herufi kubwa. Herufi kubwa za mwandiko zilichorwa ili zifuatwe na ndogo, hazishikani zenyewe kwa zenyewe, na “DAGAA” kwa Dancing Script ni fungu la mapambo lisilosomeka. Mteja akitaka maneno kama ya kwenye kanga, mpe herufi nene zilizosimama, kama kanga zenyewe zinavyofanya.

Usiongeze nafasi kati ya herufi, maana viungo vitakatika na kila herufi itabaki na mkia unaoning’inia hewani. Usiivute fonti ipanuke ili ijaze nafasi. Mistari minene na myembamba hupoteza uwiano wake mara moja. Usibonyeze kitufe cha kunenepesha ikiwa fonti haina unene huo kiasili, kwa sababu programu itaongeza wino pande zote na matundu ya e na a yatazibika.

Weka fonti moja tu ya mwandiko katika kazi moja, na uiandamanishe na fonti tulivu isiyo na visigino, yaani vijistari vidogo kwenye ncha za herufi. Tofauti ya ukubwa kati yake ionekane wazi. Mimi huanza na mwandiko mkubwa mara mbili ya maandishi ya kawaida, kisha narekebisha kwa macho.

Mistari miwili ya mwandiko ikikaa juu na chini, mikia ya g, j, y na wakati mwingine z hushuka na kugongana na vichwa vya h, k, l na d za chini. Kwenye lebo yetu, kitanzi cha g ya “Dagaa” kilikuwa kinaangukia juu ya M ya “Mwanza”. Sikutaka kuitenganisha mistari, kwa kuwa kopo ni dogo, hivyo nilisogeza mstari wa pili kulia kidogo kidogo mpaka kitanzi kikaingia katika nafasi iliyo kati ya “wa” na “Mwanza”, kikakaa humo kana kwamba kilichongewa. Hatua hiyo ilichukua dakika mbili, na ndiyo iliyomfanya mama aitikie kwa kichwa.

Kuhusu ukubwa, kanuni inayotumiwa kwa mabango ni urefu wa herufi wa sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji. Kopo linalotazamwa kutoka ng’ambo ya meza ya duka, mita 1.5 hivi, linahitaji sentimita 1.25. Jina la mtumbwi linalosomwa kutoka mita 30 linahitaji sentimita 25. Kwa fonti ya mwandiko pima herufi ndogo, yaani urefu wa a, wala usipime D au M, kwa kuwa herufi kubwa za fonti hizi mara nyingi ni ndefu maradufu na zitakudanganya. Lebo ya upana wa sentimita 9 iliweza kubeba “Dagaa” kwa kipimo hicho, na “wa Mwanza” ikawa ndogo zaidi. Mnunuzi aliye mbali asome dagaa kwanza, mengine atayasoma akilishika kopo.

Wengi hupenda kuweka picha ya jiwe la Bismarck au machweo ya ziwa nyuma ya maandishi. Inapendeza, mradi mwandiko ukae juu ya anga au maji matulivu. Juu ya miamba yenyewe, yenye nyufa na vivuli, mistari myembamba hupotea.

Hatua ya tano: iandae kwa kitu kitakachoibeba

Karatasi ndiyo nyepesi kuliko vyote, ila maandishi meupe juu ya rangi nzito yanahitaji fonti nene, kwa sababu wino husambaa na kula mistari myembamba kutoka pembeni. Fulana za kuchapwa kwa wavu na sare za kudariziwa hazipendi mistari iliyo chini ya milimita 1. Rangi haipiti sawasawa, na uzi hauna mahali pa kukaa. Kwa keki, chapa maneno kwenye karatasi kwa ukubwa kamili na uyatumie kama kielelezo cha mkono unaomimina sukari, ukichagua fonti isiyo na tofauti kubwa ya unene.

Stika za kukatwa kwa mashine ndizo zenye mtego. Katika fonti ya mwandiko, herufi jirani hupandana pale zinapoungana. Kwenye skrini huoni kitu, lakini mashine hufuata ukingo wa kila herufi na itakata katikati ya kila kiungo, halafu unapobandua stika kwenye kioo cha bajaji neno linatoka vipande vipande. Kabla ya kukata, yageuze maandishi yawe michoro, uyachague yote na kuyaunganisha yawe umbo moja, kisha uyatazame kwa mistari mitupu bila rangi ili uone kama kuna ukingo uliobaki ndani ya neno.

Kazi inapokwenda kuchapwa duka jingine, peleka faili ambalo herufi zake zimekwisha kugeuzwa michoro, la sivyo kompyuta isiyo na fonti yako itaweka nyingine bila kukuuliza. Nakala yenye maandishi yanayoharirika ibaki kwako. Mama wa Igogo alirudi baada ya miezi miwili akitaka “Sato wa Mwanza” kwa makopo makubwa zaidi, na kwa kuwa nakala ilikuwepo, kazi iliyosalia ilikuwa kuangalia kama o ya “Sato” haifanani na a ya “Mwanza” iliyo chini yake.